Mikono ya Haboba Keji

Nianze na kosa langu, nisije nikajifanya mwema. Mimi, Josline, muuza chapati wa mtaa wa Hai Malakal, ndiye niliyeeneza habari kwamba damu ya Haboba Keji, haboba kwetu ni bibi, na ya mjukuu wake haziendani.

Lakini ningesemaje, nami nilikuwa naona kwa macho yangu? Keji alikuwa jirani yangu, mjane aliyerudi kutoka ukimbizini Uganda. Kila siku alikaanga karanga, akazisaga kwa mashine ya mkono, akauzia nusu ya mtaa dakwa, ile karanga laini ya kuungia mboga. Nyumbani kwake haikuliwa, yote iliuzwa. Jioni alimbeba Rejoice, mtoto wa bintiye, wa miezi tisa. Basi uso wa mtoto ulivimba, macho yakajifumba, kikohozi kikamshika. Akirudishwa kwa mama yake na kuogeshwa, anatulia. Mara ya tatu hata pumzi ilikuwa ya kutafuta.

Wanawake wa kanisani wakaja kuomba. Binti akashauriwa amtenge mtoto na bibi yake. Keji hakubishana. Akawa anamwimbia mjukuu kutoka upande wa pili wa ua. Nilimwonea huruma, ila mdomo wangu haukupumzika.

Kisha Keji akafiwa na kaka yake kwao Kajo-Keji, akakaa huko msibani wiki tatu. Siku aliyorudi, kabla hajatua mzigo, Rejoice alitambaa mbio akamng'ang'ania mguu. Binti akapiga yowe. Mimi niliacha chapati ikaungua. Keji alikuwa ameshamwinua.

Tukasubiri uso uvimbe. Mtoto akamvuta haboba wake pua, akacheka. Tukasubiri tena. Hakuna kitu.

Keji akanusa viganja vyake, kimoja baada ya kingine.

"Si damu," akasema. "Wiki tatu mimi hapana saga. Hii mkono iko ya karanga miaka ishirini. Mtoto anakataa karanga. Hakatai mimi."

Sisi na maombi yetu na umbea wetu, na mwanamke ambaye hajakaa darasani hata siku moja akalikamata jambo lile kwa pua! Walipompeleka mtoto kupimwa, daktari alisema hivyo hivyo: ni mzio wa karanga, na hata chembe iliyobaki kwenye kucha yaweza kumdhuru.

Kesho yake Keji aliifungua mashine kutoka mezani, akaniletea.

"Chukua wewe."

"Haboba, acha wazimu. Si utanawa tu, ubadilishe nguo?"

"Na siku nitasahau?"

Nikaipokea mashine. Akaanza kufua nguo za watu, umri ule, na sijamsikia akilalamika hata mara moja. Mimi ningelalamika mpaka Nimule kule mpakani.

Sasa Rejoice ana miaka sita. Kwenye sherehe, wenzake wakizunguka sinia moja, yeye huketi katikati yao na bakuli lake kutoka nyumbani, na anapiga soga kuliko wote. Akipewa kitu huuliza bila haya, "Hiki kijiko kimegusa nini?" Wapishi wengine hununa. Mimi hubaki kumshangaa, maana nawajua watu wazima wasiothubutu kuuliza hata dawa wanayomeza ni ya nini.

Jana nilikuwa nasaga, mikono inateleza mafuta ya karanga, alipokuja mbio kunionyesha jino lake la kwanza limeng'oka. Hatua nne kabla ya kunifikia akasimama, akaachama.

"Khalti Josline," akaniita, maana mimi ni mama mdogo wake wa mtaani, "tazama kutoka hapo."

Nikatazama kutoka hapo. Kisha akarudi mbio kwa haboba wake, akapanda mapajani, na Keji akaingiza kidole mdomoni mwake kulipapasa lile pengo.