Ukuta wa Nyumba ya Taqiya

Huko Rumaym, juu kabisa ya milima ya Haraz, ukuta wa mji ni migongo ya nyumba zenyewe. Anayeishi ukingoni huwalinda wote walio ndani, na sheria haijabadilika tangu enzi za maimamu waliotawala milima hii: sehemu yako ikibomoka, uijenge kabla ya mvua kubwa. Usipoijenga, nyumba inakuwa ya mji.

Mwaka huu mvua ndogo zilibomoa sehemu ya Taqiya bint Nasir, mjane asiye na mwanamume nyumbani. Dhaifallah, mkuu wa mji, alikuwa akiitamani sehemu hiyo kwa muda mrefu ili apitishe barabara ya magari. Ghafla mafundi wote wa mawe wakawa na udhuru. Mmoja kiuno kilimbana, mwingine alikuwa na harusi ya binamu isiyokwisha.

"Shangazi, ukuta huu unamzuia nani siku hizi?" Dhaifallah alimuuliza akiwa amesimama juu ya kifusi. "Waturuki wameshakwenda zao."

"Walikwenda kwa sababu ukuta ulikuwepo."

"Mke wangu nilimteremsha ngazi hizi akiwa kitandani, anatokwa damu, kwa kuwa gari halifiki hapa. Umesahau?"

Taqiya hakusahau. Ni yeye aliyeiosha maiti yake.

"Basi lete barabara mpaka lango la zamani," alisema kwa upole kidogo. "Nani amekukataza?"

Dhaifallah alitazama bondeni. Njia ya kufika langoni ingekata mashamba yake ya miraa katikati.

"Ardhi ya kule ni laini mno."

"Laini kweli. Hata kutafunika inatafunika."

Kesho yake Taqiya alijifunga kanga kiunoni, akaanza kuchambua mawe. Wanawake wa Rumaym hukandika mapaa kwa udongo na samadi, lakini jiwe ni kazi ya wanaume. Jirani yake Qubul alimchungulia dirishani.

"Weye, unajenga au unajichimbia kaburi?"

"Lolote litakalotangulia."

Qubul alicheka mpaka akakohoa. Kisha akashuka, akavua viatu, akashika upande wa pili wa jiwe. Baadaye wakaja wengine, kila mmoja na karai lake la udongo. Waume walipouliza chakula kiko wapi, walijibiwa kuwa unga upo na moto wanaujua.

Jiwe la mwisho lilikuwa jiwe la kusagia. Waturuki walipotoboa ukuta kwa mzinga, bibi mzaa bibi wa marehemu mumewe alilibiringisha kutoka jikoni akaziba tundu, na msimu ule nyumba nzima ikala nafaka isiyosagwa. Wanawake walilirudisha palepale, tundu la katikati yake likitazama nje.

Dhaifallah alipouona ukuta alisema umepinda. Kweli ulikuwa umepinda. Lakini Rumaym ukuta haupimwi kwa macho: mkuu wa mji huketi chumbani mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, mgongo wake ukiwa ukutani. Mgongo ukilowa, nyumba imekwenda.

Mvua ilikuja alasiri, ikapiga kama iliyotumwa. Dhaifallah aliketi wima, mgongo mbali na ukuta kidogo, kama anayeogopa usimwangukie. Taqiya alimmiminia kahawa ya maganda ya buni.

"Egemea, mwanangu."

"Nimeegemea."

"Umeegemea hewa. Egemea ukuta."

Mlangoni wanawake walijibana kutazama. Dhaifallah akashusha pumzi, akaegemea. Nje radi ilipasuka, mawe yakanguruma bondeni, vikombe vikatikisika kwenye sinia. Taqiya hakumwangalia usoni; aliangalia ufa mwembamba ukutani, juu ya bega la Dhaifallah, mahali ambapo udongo haukuwa umekauka vizuri. Akammiminia kikombe cha pili.

Mvua ilipopungua Qubul akasema, "Haya, baba, geuka tukuone."

Alitaka kukataa, kisha akageuka. Koti lake mgongoni lilikuwa na vumbi la udongo, kavu kabisa. Mlangoni pakalipuka vigelegele.

"Barabara itakuja tu, shangazi," alisema akivaa viatu.

"Ije," Taqiya akajibu, akiokota kikombe chake. "Langoni. Na wewe pita huko huko, lakini taratibu. Ngazi zinateleza."