Stika za Bei ya Nguo

Niliishia darasa la nne, nikauza mitumba sokoni Owino mpaka nikafungua maabara yangu mwenyewe ya kupima damu, mtaani Kamwokya. Kitu gani basi kingenishinda? Nilinunua hata mfumo wa kompyuta unaotambua kila kichupa cha damu kwa stika yake yenye mistari. Muuzaji alitaka ninunue pia stika za kustahimili baridi. Mimi huyu nifundishwe stika? Nilichukua zile za kubandika bei ya nguo, rahisi kabisa.

Mchana mmoja kliniki ya jirani ikapiga simu: mama mjamzito anatokwa damu, wanataka kundi la damu yake upesi wamwongezee; kichupa chake walikileta asubuhi. Mpimaji wangu akafungua friji. Stika zote zilikuwa zimebanduka kwa baridi, na vichupa vimebaki uchi.

"Chake ni kile cha kushoto," nikasema. "Nilikiona kikiingia."

"Kompyuta haikijui, bosi."

"Mimi nakijua! Robota la mitumba nalitambua kwa harufu kabla halijafunguliwa!"

"Basi nusa hiki." Akanisogezea kichupa. "Ukikosea, anatiwa damu ya kumuua."

Simu ikalia tena. Mkono wangu ulikuwa umeshakishika kile cha kushoto. Nikakiachia. Nikamtuma mpimaji kwa boda akachukue damu upya, nami nikasimama mlangoni, kukaa kumenishinda, mpaka aliporudi akapima.

Mama alipona, na mtoto pia. Mpaka leo naamini cha kushoto kilikuwa chake. Boda, nauli za wagonjwa wengine tuliowaita upya, na stika za baridi: shilingi laki mbili na elfu kumi na nne.