Moto Usio na Sufuria

Kwetu, mlimani juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, watu hujuliana hali kwa moshi. Asubuhi unatoka nje na mswaki mdomoni, unatupa macho ng'ambo ya migomba ya jirani, ukiona moshi unapanda kutoka jikoni kwake unajua kumekucha salama, unaendelea na shughuli zako. Jua likikolea bila moshi, mtu anatumwa kwenda kupiga hodi. Sikumbuki kama kuna aliyetufundisha. Bibi yangu alipofariki usingizini, majirani walijua kwa njia hiyo.

Mimi nilijaribu kuutengeneza moshi huo upya, kwa nyaya na risasi ya kulehemu.

Kazi yangu ni kufunga kamera za ulinzi na umeme wa jua kwenye kambi za watalii. Ofisi yetu iko Kisongo na chumba nilichopanga kiko Engutoto, mjini, lakini sehemu kubwa ya mwaka nalala kwenye hema porini, mchana napanda juu ya paa na matangi ya maji, jioni nabishana na mameneja wanaotaka intaneti ya mjini katikati ya makundi ya swala. Fundi umeme akiwa mwanamke lazima ajue kubishana, la sivyo atatumwa kuchemsha chai. Mama alikuwa akisema mdomo wangu una umeme wa kutosha, sijui sola nafungia nini.

Wenzangu wakitazama mpira, mimi nilikuwa nachezea vibodi. Ni vile vibao vidogo vya saketi, vya bei ya chini, vinavyotoka China, ukubwa wa kiberiti. Unakiunganisha na kihisi cha joto, unakipa redio ndogo na betri iliyochomolewa kwenye kompyuta iliyokufa, unakiandikia maagizo, na baada ya kutukanwa sana kinaanza kusema. Hakuna faida yoyote. Wengine wanafuga njiwa.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake shambani na kahawa yake, migomba yake na ng'ombe mmoja mkorofi. Nilimwomba ahamie kwangu Engutoto. "Nije nitazame ukuta?" akaniuliza. Kaka yangu yuko Dodoma na familia yake, na kaka yangu hana maneno mengi. Nilipomweleza kwamba nitafunga kihisi jikoni kwa mama ili tujue kila siku kama ameamka, alicheka akasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilikasirika sana, nikafunga hivyo hivyo.

Nilikiweka kibodi ndani ya mkebe wa majani ya chai nikautundika chini ya dari pale mahindi yanapokaushiwa, juu ya mafiga. Redio yake ilikuwa dhaifu, haikuweza kuvuka kilima kufika dukani barabarani, ambako nilikuwa nimeacha kisanduku chenye laini ya simu. Kwa hiyo nikaomba jikoni kwa jirani, ng'ambo ya mfereji, nikafunga mkebe wa pili, nao ukiwa na kihisi chake. Jirani huyu alikuwa mjane kama mama, rafiki yake tangu wameolewa, na mimi nikimwita mama vilevile. Joto la jiko la mama lilipita kwanza kwake, likaenda dukani, likanifikia kwenye simu kama mstari: ukipanda, moto umewashwa. Na kama asubuhi imefika mbali jiko likiwa bado baridi, simu yangu ingepokea ujumbe nilioutunga mwenyewe, nikiwa na furaha, pale pale mezani kwa mama: "Mama hajaamka. Mpigie."

"Kwa hiyo sasa nikitaka kulala kidogo lazima niombe ruhusa mjini," mama alisema. Lakini alikipenda kidude chake. Wageni wakija aliwaonyesha.

Miezi ya mwanzo niliona raha. Kila nilikopelekwa nilitafuta mwinuko wenye mtandao, na asubuhi kabla ya chai nilikuwa huko na simu. Mstari wa mama ulikuwa na tabia zake. Jumapili ulipanda mapema kwa sababu ya ibada ya kwanza. Siku za gulio mapema zaidi. Mwezi wa saba, baridi ya Meru ikishuka, alichelewa, na siku nyingine aliwasha, akazima, akawasha tena, sijui kwa nini. Nilimjua kwa mstari ule kuliko kwa maongezi yetu, maana kwenye simu mama alikuwa mzima kabisa siku zote, hata alipovunjika kidole.

Kisha asubuhi moja ujumbe ukaja. Nikampigia, hakupokea. Simu ya jirani ilikuwa imezimwa. Sikumsikiliza mtu, nilipanda gari lililokuwa linakwenda kuchukua mboga, nikashinda kwenye vumbi mchana kutwa nikiwa nimejiaminisha kwamba mama amekufa. Nilimkuta jioni anamenya ndizi.

"Umefuata nini?"

"Hukuwasha moto."

"Nilikunywa uji kwa mwenzangu, nikaenda kwenye kahawa. Simu iko ndani." Akanitazama kuanzia nywele zilizojaa vumbi hadi miguuni. "Ndiyo umeacha kazi ya watu kwa sababu ya uji wangu?"

Bosi wa Kisongo alinipigia nikiwa nimeketi pale pale, akaniambia kwa sauti ambayo mama aliisikia kwamba nikirudia nitafute kazi nyingine. Nilipokata simu mama alikuwa anautazama ule mkebe chini ya dari.

"Kidude kikipoa, wewe unakuja?"

"Nakuja."

"Hata wakikufukuza?"

"Hata wakinifukuza."

Nilisema kwa kujisifu, nikitaka asikie ana mtoto wa aina gani. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye ndizi zake.

Tangu siku ile ujumbe haukuja tena. Mstari wa mama ukanyooka. Jumapili, siku ya gulio, siku ya mvua, ulipanda saa ileile kama kengele ya shule. Mstari wa jirani ulitangulia, wa mama ukafuata baada ya muda mfupi, kila siku. Nilidhani wanaamshana. Niliwaonyesha wenzangu kambini, nikawaambia tazameni bibi wa umri huu, vijana kazi kulala tu. Na mimi ni fundi. Najua kwamba kihisi kinachotoa jibu lilelile kila siku ndicho cha kwanza kushukiwa. Ningekiona kwenye tangi la mteja ningepanda siku hiyohiyo kwenda kukifungua. Cha mama nilikifurahia.

Nilimwambia kwenye simu sauti yake imekuwa ndogo.

"Mtandao wenu huo wa porini," alisema. "Mimi mzima kabisa."

Masika yalipoanza, mvua ilikata barabara ya kambi tuliyokuwa tunaielekea, tukaambiwa turudi nyumbani hadi maji yapungue. Sikumwambia mama, nilitaka kumshtua. Niliteremka Maji ya Chai asubuhi, nikanunua nyama ya supu, sukari na mkate, na pale dukani, penye kisanduku changu, nikafungua simu kwa mazoea. Jiko la mama lilikuwa na moto. Nikachukua bodaboda kupanda mlimani, na nilipouona moshi wenyewe juu ya migomba nikaanza kuimba, nakumbuka vizuri, maana dereva aliniuliza kama nimeokoka.

Jikoni alikuwa jirani. Alikuwa amechutama mbele ya mafiga anapuliza. Moto ulikuwa mzuri, kuni kavu, umekolea. Juu yake hakukuwa na kitu.

"Shikamoo mama."

Aliinuka taratibu akajifuta mikono kwenye kanga.

"Unapika nini?"

"Sipiki kitu, mwanangu."

"Mama yuko wapi?"

Akaonyesha nyumba kubwa kwa kidevu.

Mama alikuwa kitandani, chini ya mablanketi yote ya nyumba ile, na bado mwili wake haukuyainua hata kidogo. Uso ulikuwa umebaki macho. Alichouliza kwanza ni hiki:

"Wamekufukuza kazi?"

"Hapana mama. Mvua."

"Ashukuriwe Mungu," akasema, akafumba macho.

Nilitoka nje nikamfokea yule mwanamke mzima katikati ya ua, mtu aliyenibeba mgongoni. Nilimwita mwongo. Nilimwuliza kama alikuwa anasubiri afe ndipo anipigie. Aliniacha niseme hadi nikaishiwa pumzi.

"Aliniapisha kwa Biblia," alisema. "Alisema jiko likipoa tu utaacha kazi, na ukiacha kazi hakuna wa kukuoa wala wa kukulisha. Ningefanyaje? Uji nampikia kwangu, namletea, hanywi. Anachotaka ni moto. Nachukua makaa yangu asubuhi nayaleta huku kwenye kibati, nawasha, nakaa nao kidogo, naondoka."

"Na majirani wengine? Hakuna aliyekuja kumwona?"

"Wanaona moshi," alisema. "Wakiona moshi wanapita."

Kama ni hasira, sijui niliielekeza kwa nani baada ya hapo. Mama alikuwa amewadanganya wote kwa moto mmoja, mimi na kijiji kizima. Niliketi kwenye kigoda chake jikoni, nyama ya supu bado mkononi, na ule moto ukaendelea kuwaka bure mbele yangu hadi jirani alipozichomoa kuni.

Tulimteremsha siku hiyohiyo. Hospitali walikuta uvimbe tumboni. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mpole, akaniuliza mgonjwa ameacha kula tangu lini. Mimi niliyekuwa na moto wake wa kila asubuhi kwenye simu, miezi yote hiyo, nilimtazama jirani. Daktari akamgeukia yeye, naye akamjibu. Nilisimama pembeni nikisikia mambo ya mama yangu kama mtu wa kupita. Daktari alisema uvimbe umekwenda mbali sana, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Hata hilo halikuchukua muda. Mama alifariki wodini kabla masika hayajaisha, jirani, aliyekuwa akishuka kila siku mchana, akiwa amemshika mguu na mimi mkono.

Kwenye matanga mzee mmoja wa ukoo alisema mficha maradhi kifo humuumbua, na watu wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu ni methali na ilikuwa mahali pake. Nilitamani kumwagia chai. Mama hakuficha maradhi kwa aibu. Aliyaficha ili nisipoteze kazi yangu, na mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kuyaficha, nikampandishia mkebe mpaka darini. Kaka yangu alikuwa ameketi karibu nami. Maneno yake ya fimbo na nyoka hakuyarudia, na nilimchukia kwa kutoyarudia, kwa sababu nilijua anayakumbuka.

Watu walipoondoka niliingia jikoni na bisibisi ili niteremshe mkebe. Ulikuwa mweusi kwa masizi, na mama alikuwa ameufunga kipande cha kitenge kwa juu, nadhani ili mavi ya panya yasiuharibu. Niliirudisha bisibisi mfukoni bila kugusa kitu. Nikajiambia nitautoa safari nyingine.

Kaka alirudi Dodoma, ng'ombe akaenda kwa jirani, nyumba tukaifunga. Maji yalikuwa yamepungua, nikaitwa kambini. Huko mtandao unapatikana juu ya jiwe kubwa nyuma ya jiko la wafanyakazi, na asubuhi ya kwanza miguu yangu ilinipandisha hadi pale kabla akili haijaamka. Nikafungua simu. Mstari wa jirani ulikuwa umepanda. Baada ya muda mfupi, wa mama nao ukapanda.

Nilikaa chini. Kisha nikampigia jirani, na ilibidi nimsalimie vizuri kwanza, shikamoo, marahaba, kumekuchaje, kabla ya kuweza kuuliza.

"Mama, umewasha moto kule?"

"Nimewasha."

"Kwa nini?"

"Mama yako alisema niwashe mpaka wewe mwenyewe useme basi." Nilimsikia akikohoa moshi. "Na wewe hujasema."

Ilikuwa kweli, sikuwa nimesema. Nilimwona akivuka mfereji na kibati chake cha makaa, na magoti yake yanayouma, kwenda kuwasha moto kwenye jiko la marehemu, kwa sababu alikuwa ameahidi. Nilitaka kumwambia awashe kesho, na keshokutwa. Nilitaka sana. Kuna kitu mwilini mwangu kilikuwa kimetulia nilipouona mstari ule ukipanda, na kilikuwa hakijatulia tangu mazishi.

"Basi, mama," nikamwambia. "Inatosha. Ahsante."

"Haya, mwanangu," akasema, na nikasikia anaanza kuzichomoa kuni.

Kesho yake nilipanda tena kwenye jiwe. Mstari wa jirani ulipanda kwa wakati wake. Wa mama ulibaki chini, na nikautazama hadi jua likanipiga machoni na wenzangu wakaanza kuniita. Nilikuwa nimeshaanza kushuka simu ilipotetemeka mkononi.

"Mama hajaamka. Mpigie."