Kona Saba Juu ya Paa

Kazi ya mke wangu ni kuchorea gesi njia ya kutorokea. Watu wakiniuliza naona uvivu kueleza, maana mimi ni fundi cherehani, lakini jamani, si vigumu hivyo. Viwanda vya kugandisha nyama hutumia amonia, gesi inayokaba koo. Inakaa kwenye tangi. Tangi likipata joto kupita kiasi, valvu ya usalama inafunguka yenyewe, na bomba linaipeleka gesi juu ya paa, mbali na pua za watu. Mke wangu ndiye anayepiga hesabu: valvu kubwa kiasi gani, bomba nene na refu kiasi gani. Mtaani wanamwita Mama Valvu. Ana roho ya wasiwasi tangu nimjue. Hata sufuria ikichemka lazima asogeze mfuniko.

Jumatatu hiyo tulikuwa mezani, chai haijapoa, fundi mkuu wa kiwanda kimoja akamtumia picha: bomba limekamilika, saa nne wanajaza gesi. Akaivuta picha iwe kubwa, akaanza kuhesabu kwa kidole. Uso ukamshuka.

"Kona saba," akasema. "Mimi nilichora mbili."

Nikamwambia basi kosa ni la fundi. Akatikisa kichwa. Wiki mbili nyuma fundi alimpigia simu: mdomo wa bomba unatazama dirisha la jirani, ausogeze? Naye akajibu, "Sogeza tu." Hakurudia hesabu. Siku hiyo naikumbuka vizuri, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele yake na gauni nililomshonea, nikimharakisha alijaribu.

"Ni kama ukumbi mzima kutokea mlango mmoja," akasema. "Kila kona inaibana gesi, haitatoka upesi. Tangi linaweza kupasuka."

Nyuma ya ukuta wa tangi hilo kuna chumba cha kufungasha, na humo anafanya kazi dada yangu wa mwisho.

Meneja hakupokea simu. Fundi naye kimya. Tukapanda pikipiki yangu. Njia nzima alinibana kiuno hadi pumzi ikanikatika, na mimi nikawa nagombana na kila gari. Nilikuwa naogopa, sifichi.

Tukafika saa nne kasorobo. Mpira wa kujazia gesi ulikuwa umeshaunganishwa. Mke wangu akasimama mbele ya meneja.

"Msijaze. Bomba ni jembamba kwa urefu huo. Kosa ni langu, niliruhusu bila kupiga hesabu."

Angeweza kumtupia fundi mzigo huo. Hakukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba aliruhusu. Meneja akamwambia aandike maneno hayo na asaini, na kwamba kiwandani hapo asikanyage tena. Akaandika. Sahihi yake ilipinda.

Wafungashaji wakarudishwa nyumbani mpaka bomba nene lipatikane, wiki mbili au zaidi. Wakatupita getini wakisonya. Dada yangu ndiye aliyesimama.

"Wifi, ndiyo nini sasa? Unatukalisha nyumbani kwa ajili ya kona? Mbona hakuna kilichotokea?"

Hasira zikanipanda, nikafungua mdomo nimpe jibu la kumtoa machozi. Mke wangu akanibinya mkono.

"Mwache anigombeze," akasema, huku analia yeye. "Si mzima huyo?"