Sauti ya Baba Kwenye Kabati

Asubuhi ya harusi ya mdogo wangu niliamka na furaha ya kuudhi watu. Nilikuwa naimba jikoni, nawaamrisha wageni, nafunua sufuria ambazo sikuzipika mimi. Nyumba yetu ya Utemini ilijaa mpaka uani. Wanawake walikuwa wanachambua mchele, kuku wa kienyeji wanakaangwa kwa mafuta ya alizeti ya dukani kwetu, na shangazi zangu wanabishana turubai lielekee wapi. Upande wa bwana harusi walikuwa njiani kutoka Kintinku. Ndoa ingefungwa baada ya swala ya adhuhuri.

Mimi nilikuwa na kazi moja tu, niliyoiomba mwenyewe na sikutaka mtu aniingilie: kuitoa sauti ya baba.

Kwetu binti haondoki nyumbani hivihivi. Ndoa ikishafungwa, baba humkalisha mbele ya watu wote akampa nasaha kwa mdomo wake mwenyewe, ndipo anamkabidhi kwa mume. Nilipoolewa mimi, baba alizungumza mpaka mume wangu akaanza kuchezesha mguu, na maneno yale hadi leo huyarudia kimoyomoyo kila nikitaka kugombana na mtu nyumbani kwangu. Miaka michache baadaye koo lake likaugua, na madaktari wakasema ugonjwa ukitolewa utaondoka na sauti. Siku moja kabla ya kwenda hospitali alijifungia chumbani na mama, akarekodi kwenye simu nasaha ya mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa bado anavaa sare za shule. Alipotoka alituambia kwamba yule naye asije akaozeshwa na bubu. Alikuwa anacheka. Baba yangu ni mfanyabiashara wa mafuta, mjukuu wa watu wa pwani waliokuja huku bara kuuza nguo, na utani hauwezi kumtoka hata akiumwa.

Simu ile ilikuja kuteleza mfukoni mwake dukani ikazama kwenye pipa la mafuta. Ilitolewa inang'aa vizuri sana, na haikuwaka tena. Ni mimi peke yangu ambaye sikupiga kelele, kwa sababu nilikuwa nimeshainakili sauti ile kwenye kabati.

Kabati ni jina alilolitoa mama. Chenyewe ni kisanduku cheusi chenye diski ndani. Kinakaa chini ya televisheni, kimeunganishwa na rauta kwa waya, na mtu yeyote wa nyumbani aliye kwenye mtandao wa nyumba hukifungua kwa simu yake akatazama picha zetu za sikukuu. Kinafanya kazi bila intaneti, na ni vizuri hivyo, maana bando nyumbani kwetu hununuliwa nikija mimi. Picha ni za wote. Sauti ya baba niliiweka kwenye akaunti yangu na kuifungia milango miwili: kwanza neno la siri, halafu namba sita ambazo programu kwenye simu yangu huzitoa na kuzibadilisha kila baada ya muda mfupi. Ndugu zangu walinicheka, wakauliza kama nimeficha dhahabu. Nikawaambia ndiyo.

Basi nikakaa sakafuni mbele ya televisheni na kompyuta mapajani, hina haijakauka mkononi, nikaita kabati. Kompyuta ikasema haioni kitu kama hicho.

Sikutishika. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara nyingi wiki ile, na rauta ikizimika na kuwaka upya huwa inagawa anwani upya kwa kila kifaa, kabati nalo likajikuta limehamishwa. Niliingia kwenye ukurasa wa rauta, nikapekua orodha ya vifaa, na hapo katikati ya simu za wageni wote wa nyumba ile nikalikuta limekaa kimya na anwani yake mpya. Nilipiga kofi moja kubwa. Baba akachungulia mlangoni na kanzu yake mpya, akanyanyua nyusi kuuliza. Nikamwonyesha dole gumba, akaondoka anatikisa mabega kwa kucheka.

Kofi lile lilikuwa la mapema. Niliandika neno la siri, nikaandika namba sita, na kabati likanijibu kwamba taarifa za kuingia si sahihi. Halikusema ni taarifa ipi. Nikadhani vidole vyangu vyenye hina vimekosea, nikarudia polepole, herufi moja baada ya nyingine. Si sahihi. Nikajaribu kwa simu. Si sahihi. Nikachomoa waya nikauchomeka tena, ingawa nilijua kabisa waya hauna kosa, maana mtu mwenye hasira lazima achomoe kitu. Kila mara namba sita zilikuwa mpya kabisa, na kila mara zilikataliwa. Nami ni mtu ambaye nikiambiwa sipiti, ndipo nazidi kusukuma mlango. Nilisukuma mpaka kabati likachoka na mimi. Likaandika kwamba akaunti imefungwa kwa muda, nijaribu tena baada ya 04:25.

 Saa kumi na dakika ishirini na tano, alfajiri ya kesho! Kesho alfajiri mdogo wangu atakuwa ameshafika Kintinku, amelala kwa mumewe, bila neno hata moja la baba yake.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, akawa ameshafika nyuma yangu. Yeye huamini kwamba kila chombo duniani kina katundu, na kila katundu kanahitaji pini. Alikuwa na pini ya ushungi mkononi, sijui ya nani. Akaniambia nisogee, anajua pa kubonyeza, chombo kitaanza upya kama kilivyotoka dukani. Hilo ndilo nililoliogopa. Kilipotoka dukani hakikuwa na sauti ya baba. Nikalikumbatia kabati na vumbi lake lote, na nguo yangu ya harusi, nikamwambia mjomba kwa heshima zote akatazame turubai.

Mama akaja kuona kelele za nini. Mama ni Mnyaturu, mtu wa maneno machache, na akikasirika huyasema kwa lugha yake ili wageni wasishiriki. Nilimweleza kwamba kabati limetufungia mpaka nne na dakika ishirini na tano kwa namba za kizungu, yaani alfajiri, ndiyo basi tena, harusi imeshapita. Akanyanyua macho kwenye saa ya ukutani, wala hakushtuka.

"Si nne na dakika ishirini na tano? Bado nusu saa. Njoo utusaidie mchele, kitafungua chenyewe."

Nikamtazama. Nikaitazama saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa unakaribia nne.

Nyumbani kwetu saa zote husema Kiswahili. Mama hajawahi kukubali kutazama mshale kwenye kumi halafu asome nne. Anasema huko ni kujitia kazi bure. Kwa hiyo ya ukutani, ya redio, ya jiko la umeme, zote huziweka mwenyewe saa nne ikawa nne, na umeme ukikatika huzunguka nyumba nzima akizirekebisha moja moja. Sisi watoto tulikua hivyo, na shuleni tulichapwa kwa ajili hiyo. Na kabati lina kioo kidogo mbele kinachoonyesha saa, na vitufe viwili chini yake.

Nilipiga magoti nikainama mpaka shavu likagusa zulia. Kioo kilisema 03:56. Simu yangu ilisema 09:56.

Nilicheka mpaka mjomba akarudi. Namba zile sita hazitumwi kutoka kwenye simu kwenda popote. Simu huzipiga hesabu kutokana na saa yake, kabati nalo hupiga hesabu ileile kutokana na saa yake, na zikilingana ndipo mlango unafunguka. Sasa simu yangu ilikuwa asubuhi, na kabati, kwa mkono wa mama yangu, lilikuwa bado limo usiku wa manane. Tungebishana vile mpaka Ramadhani.

Nikamuuliza mama kama ni yeye aliyeliwekea saa. Akasema ni yeye, umeme uliporudi lilikuwa linapepesa sifuri, je, angeacha sifuri zinapepesa sebuleni na wakwe wanakuja? Nikambembeleza aliweke kumi kasoro. Akagoma. Kubonyeza anajua, lakini hawezi kuandika kumi na sasa hivi ni saa nne, wakwe wakiona watasema nyumba hii hata muda haijui. Baba alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akapita katikati yetu, akatoa leso mfukoni, akamwonyesha mama: abonyeze, kisha yeye atakifunika kioo.

Mama akabonyeza, anasonya kila kitufe. Na hapa ndipo niliporuka kweli, kwa sababu kabati lilikuwa limenifungia mpaka 04:25, na ghafla kwa hesabu yake lenyewe 04:25 ilikuwa imepita zamani. Kifungo kikaisha papo hapo. Neno la siri, likakubali. Namba sita, likakubali. Sauti ya baba ilikuwa pale, katikati ya vyeti vyangu na picha za mwanangu. Shangazi mmoja akapiga kigelegele bila kujua kilichotokea.

Nilitaka kuifungua palepale nihakikishe. Baba akaweka mkono wake juu ya wangu, akatikisa kichwa, akaelekeza kidole chumba cha bibi harusi. Yeye kwanza. Nikainakili kwenye simu tatu na flashi mbili bila kuisikia hata punje, na moyo wangu haukutulia tena mpaka adhuhuri.

Watu wa Kintinku walifika, ndoa ikafungwa, sheikh akaomba dua. Mdogo wangu akakalishwa kwenye mkeka mbele ya baba, ushungi umemfunika uso nusu. Hakuwa ameambiwa chochote. Alijua baba yake hasemi, akawa amejikaza kuondoka bila nasaha, na nilimwona anavyoyabana macho. Nikabonyeza simu niliyokuwa nimeiunga na spika.

Kwanza ilisikika simu ikipapaswa, kisha kikohozi tulichokisahau. Halafu ile sauti nene, ya mtu aliyezoea kuita wateja wa ng'ambo ya barabara.

"Imeanza?"

"Imeanza, sema," mama alijibu, pale alipokaa kwenye mkeka, kabla mama wa ndani ya spika hajajibu maneno yaleyale.

Mdogo wangu alishtuka, akageuka kuitafuta spika. Kisha akamtazama baba, na hakugeuka tena, nasi wote tukatazama alikotazama yeye. Baba alikuwa amesimama. Midomo yake ilikuwa inatembea na sauti, neno kwa neno, bila kupishana hata kidogo. Hakuwa na karatasi. Alikuwa ameyashika yote miaka yote ile, kila pumzi, hata mahali pa kukohoa, na aliyasema kwa mkono uliokuwa unapanda na kushuka kama zamani, mpaka sikujua tena nasikia kutoka wapi. Alimwambia awe na subira lakini asiwe mjinga. Alimwambia mlango wa Utemini hauna kufuli kwake. Akamwambia anampenda, neno ambalo mimi hakuwahi kunitamkia.

Sauti ikaisha. Midomo ya baba ikaendelea kidogo, kisha ikafunga.

Mdogo wangu akainuka kwenye mkeka, akamshika baba mikono yote miwili.

"Nimekusikia, baba," akamwambia.