Mwalimu Ameingia

Mkuu wa shule alitutuma tuwatembelee wanafunzi makwao, tujenge ushirikiano na wazazi. Tulipewa fomu na kuagizwa turudi na picha, maana ushirikiano usio na picha huhesabiwa kuwa haukufanyika.

Nilipangiwa msichana wa gredi ya sita aliyekosa shule kila Jumanne na Alhamisi. Hukumu yake ilikuwa tayari mkobani mwangu: barua ya kupendekeza arudie darasa. Nilikuwa nimeshamtisha nayo mbele ya wenzake, kabla hata sijaijua njia ya kwao, huko juu ya Mitaboni. Ushirikiano wenyewe ndio huo.

Niliwakuta akina mama wa jumuiya wameketi, mshumaa umewashwa, rozari mikononi. Msichana alikuwa amemwambia nyanyake, anayemwita susu, kwamba mwalimu anakuja. Katika nyumba ile ya Kikatoliki mwalimu ni mmoja tu, katekista, naye hakuwa ameonekana tangu Pasaka.

"Karibu, mwalimu," nyanya akasema, mkono wake ukiupapasa wangu. "Kumbe siku hizi wametuletea wa kike!"

Mimi ni Mprotestanti. Ningesema papo hapo, lakini chai ilishamiminwa, na wanawake walishainamisha vichwa. Nikafungua sala.

Kila mama alitoa ombi lake, wengine wakaitikia. Zamu ya nyanya ikafika.

"Tuombee mwalimu wa huyu mtoto kule shule, Mungu amfungue macho. Anafikiria mtoto ni mtoro. Maji ya kioski inakuja Jumanne na Alhamisi peke yake, na mimi sioni njia. Huyu ndiye macho yangu. Asirudishwe darasa."

"Ee Bwana, utusikie," wakaitikia.

Nami niliitikia, kwa sauti kubwa kuliko wote. Msichana aliniangalia, akauma midomo asicheke.

Alinisindikiza hadi njiani.

"Mwalimu, nimwambie susu?"

"Thubutu!"

Barua niliichana kabla sijafika barabarani. Kwenye fomu niliandika, "Mzazi ametoa maoni." Picha sikupiga, na mkuu alinigombeza. Tangu wiki ile namfundisha msichana masomo anayoyakosa, saa ya chakula cha mchana.

Nyanya alifurahi mno aliposikia. Akachagua jogoo mnono wa shukrani, akamfunga miguu kwa mikono yake mwenyewe, akaagiza apelekwe kanisani, apewe mwalimu.