Maji Yaliyotoka Siku Isiyo ya Mgao

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia kila nisikiapo mfereji ukikoroma kabla ya kutoa maji. Nilikuwa nimeketi uani kwa jirani yangu, Mama Swaleh, hapa hapa Mji wa Kale, nimempakata mwanawe mdogo, Swaleh, aliyekuwa amelegea hata shingo haimkai. Mama yake alikuwa jikoni akimkorogea maji ya chumvi na sukari. Haikuwa siku ya mgao, na mifereji ya mtaa wote ilikuwa mikavu. Hata hivyo mfereji wa uani kwake ulikoroma, ukatema upepo, kisha ukatoa maji.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana siku hizi sina pumzi za kurudia maneno.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, katika nyumba ya ghorofa iliyo upande wa juu wa kichochoro. Mume wangu, Athman, alikuwa kijana mwepesi wa mikono, asiyeweza kuona kitu kimeharibika akakiacha. Tuliishi na baba yake, Mzee Abdalla, karani wa bandarini aliyekwisha kustaafu, mtu wa maneno machache ambaye akipita barazani watu hupunguza sauti. Mama mkwe alikuwa ametangulia mbele ya haki, kwa hivyo kazi za nyumba zilikuwa zangu, na kubwa kuliko zote ilikuwa ni maji.

Maji ya mji yalikuja kwa mgao, na siku ya mgao yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Uani tulikuwa na kisima cha tangu enzi za mababu. Maji yake yalikuwa na chumvi, na shimo la choo la nyumba ya nyuma lilikuwa karibu mno, basi kila mtu alijua kwamba hayo si maji ya kutiwa mdomoni. Tuliyatumia kuoshea sakafu na kuogea. Ya kunywa tulinunua kwa watu wa mikokoteni, tukayachemsha.

Athman aliniona nikipandisha ndoo ngazini na akaingiwa na huruma. Akatafuta fundi, wakatia pampu kisimani na kupandisha bomba mpaka kwenye tangi la darini. Kisha, ili siku ya mgao maji ya mji nayo yapande kwenye tangi hilo hilo, wakaliunga bomba la mji na bomba la kisima, na katikati wakaweka koki moja kuukuu. Maji ya mji yakija, unafungua koki. Yakikatika, unaifunga na kuwasha pampu. Nilimshukuru mume wangu kwa moyo wote. Mgongo wangu ulikuwa umepumzika.

Haukupita muda, majirani wa upande wa chini wakaanza kusema kwamba wao wamepata neema. Maji yalikuwa yakiwatokea hata siku zisizo za mgao. Yana chumvi kidogo, walisema, lakini maji ya mfereji wa Mombasa ni lini yakawa na ladha moja? Wakajaza madumu na mitungi, wakanywa.

Kisha watoto wakaanza kuumwa. Alianza Swaleh, wakafuata wengine wa nyumba za jirani, wakiharisha na kutapika. Mzee Hamisi, aliyekuwa akikaa nyumba ya mwisho na ambaye umri ulikuwa umemwelemea, naye akalala kitandani. Nyumbani kwetu hakuugua mtu.

Watu wakiogopa, mwanangu, hutafuta wa kumlaumu, na mara nyingi humpata yule asiye na wa kumtetea. Pale mdomoni mwa kichochoro palikuwa na mwanamke akiitwa Kadzo, Mgiriama aliyekuja kila asubuhi kutoka Majengo kutuuzia mbaazi za nazi na mahamri. Alikuwa ameulisha mtaa miaka. Asubuhi moja akasimama mwanamume mmoja, baba wa mtoto mgonjwa, akasema mbele ya watu kwamba uchafu wa Kadzo ndio unaowaua watoto wetu. Wakaja wengine wakaishika sufuria na kuzimwaga mbaazi zote kwenye mtaro. Niliyaona hayo kutoka dirishani. Kadzo aliiokota sufuria yake, akaipangusa kwa upindo wa leso, akaenda zake. Hakurudi tena, na watoto wakaendelea kuumwa.

Ndivyo nilivyojikuta uani kwa Mama Swaleh, nimempakata mgonjwa, na mfereji unatoa maji siku isiyo yake. Mama Swaleh akatoka mbio na ndoo, akimshukuru Mungu. Mimi nilikuwa nasikia kitu kingine. Ng'ambo ya ukuta ilikuwa ikinguruma pampu yetu. Athman alikuwa ameiwasha. Ndoo haijajaa, pampu ikanyamaza. Na mfereji ukapungua, ukadondoka matone, ukakauka.

Nikamlaza mtoto, nikamwomba Mama Swaleh ayaache maji yale kwanza, asimpe mtu. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia akae pale pale autazame mfereji, nitamweleza. Nikaenda nyumbani, nikawasha pampu, nikamwita kwa juu ya ukuta. Akasema yanatoka. Nikaizima. Akasema yamekatika. Nikaiwasha tena. Kabla sijamwita, nilisikia ndoo ikimwanguka.

Athman alikuwa ukumbini. Nilipomweleza alicheka kidogo, akasema koki ameifunga kwa mkono wake. Tukashuka tukaitazama. Ilikuwa imefungwa kweli, lakini ndani ilikuwa imelika kwa chumvi, haizibi tena. Bomba la mji lilipokuwa tupu, pampu yetu ilikuwa ikipandisha maji ya kisima darini na papo hapo ikiyasukuma kinyumenyume mpaka kwenye bomba la mtaa, na kutoka huko yakateremka kwa majirani. Mume wangu akakaa chini pale pale kwenye ukingo wa kisima. Kisha akasema kwa sauti ndogo tuing'oe ile koki, tutie mpya, na jambo liishe humu humu ndani.

Nilimpenda Athman, nami nilikuwa mgeni katika nyumba ile. Sikutaka jina la mume wangu litajwe vibaya mabarazani. Lakini nilikuwa nimetoka kumpakata mtoto wa watu. Nikapanda juu nikamweleza Mzee Abdalla, aliyekuwa anajitayarisha kwa sala ya alasiri.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akashuka na bakora yake, akaitazama pampu, akayafuata mabomba kwa macho mpaka yalipoungana. Athman akaanza kusema kwamba hakukusudia, kwamba hakumwibia mtu chochote.

"Najua hukuwaibia," Mzee alimjibu. "Umewapa. Umewapa maji yapitiwayo na choo, maji usiyoyanywa wewe, na hukuwaambia."

Athman akasema sasa amejua, ataliondoa bomba lile leo leo, na watu hawana haja ya kusumbuliwa. Baba yake akamtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amechoka tu, uchovu ambao wakati ule sikuuelewa.

"Mwanangu," akasema, "maji hayo yamo mitungini mwao hivi sasa. Ukiona haya kusema leo, kesho watakunywa tena."

Alikata umeme wa pampu mwenyewe. Kisha akavaa koti lake juu ya kanzu, akamshika mwanawe mkono, wakaenda nyumba hadi nyumba. Mimi nilifuata nyuma nimejitanda buibui. Kila mlangoni Mzee alisema maneno yale yale, hakuyapamba: maji yaliyowatokea siku zisizo za mgao yametoka kisimani kwetu, myamwage, msuuze mitungi kwa maji yaliyochemka, na mgonjwa asingoje kesho, apelekwe hospitali leo. Wengine walimwitikia kwa adabu. Mmoja alimfungia mlango usoni. Mama Swaleh alimbeba mtoto na kutupita, na Athman akamkimbilia kumtafutia gari. Swaleh alitundikiwa dripu, akalala hospitali siku kadhaa, akarudi amekonda lakini mzima. Leo ni baba wa watoto.

Mzee Hamisi alipelekwa pia, lakini hakurudi. Wanawe walisema umri wake ulikuwa umekwenda na siku zake zimetimia, na mazishini walimpa mkwe wangu mkono. Mzee Abdalla aliupokea, lakini mpaka alipokufa hakupita mbele ya mlango wa nyumba ile ya mwisho bila kusimama.

Yalipotulia, alimchukua Athman wakaenda Majengo kumtafuta Kadzo, nami nikawafuata. Tulimkuta nje ya chumba chake anachagua mbaazi kwenye ungo. Mzee akamweleza yote na kumwomba radhi, akamwambia mtaa umejua kwamba hakuwa na kosa, na kwamba mahali pake papo, arudi. Kadzo alitukaribisha viti, akasikiliza huku vidole vyake vinaendelea na kazi.

"Wewe nimekusamehe, mzee, kwa kuwa umekuja," akasema. "Wale walioimwaga sufuria yangu wanaijua njia ya Majengo. Hawajaja."

Hawakuja kamwe. Kadzo alihamia Tononoka, akawauzia watoto wa skuli na walimu wao, na kichochoro chetu kikabaki bila mbaazi za asubuhi. Nilikuwa nikimpitia mara kwa mara. Tulizungumza habari za watoto na za bei ya nazi. La mtaani kwetu hakulitaja, nami sikuwa na uso wa kulianzisha.

Sasa mimi nimefika umri wa mkwe wangu, na uchovu ule niliouona usoni mwake naujua. Nimeyasema haya kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye milango ya watu. Vijana huniitikia, "Ndiyo, bibi," na mwezi ujao nasikia pampu nyingine imefungwa kwenye bomba la mtaa. Juzi nilimwona kijana mmoja kule Mbaraki anaosha gari, mpira wa maji kautumbukiza ndani ya ndoo ya sabuni, mwenyewe kaenda kupiga soga. Nikautoa. Akaniona mzee msumbufu. Huenda ni kweli.

Lakini wewe umeniuliza habari za mabomba, basi nitasema tena. Bomba la mtaa halijui njia moja. Likijaa, maji huja kwako. Likiwa tupu, au mtu akilivuta kwa nguvu, maji hurudi nyuma na kubeba chochote yanachokikuta. Kwa hivyo usiliunge bomba la kisima na la mji, hata kwa koki nzuri, hata kwa siku moja. Kila maji yawe na bomba lake na tangi lake. Usitie pampu kuyanyonya maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaa, maana ukilinyonya bomba lililopasuka unavuta na matope na maji ya vyoo yaliyo nje yake, na atakayeyanywa huenda asiwe wewe. Ngoja maji yaingie tangini yenyewe, na mdomo wa bomba uwe juu, ukimwaga hewani, usizame kwenye maji yaliyokwisha kuingia. Mpira usiulaze ndani ya ndoo wala karo la kuoshea vyombo. Fundi akikwambia lazima pawe na kidude cha kuyazuia maji yasirudi, mwache akitie, kisha ukikague, kwa sababu chumvi ya huku hula kila kitu.

Na ukiona maji yanatoka siku ambayo hayapaswi kutoka, usikimbilie ndoo. Uliza yametoka wapi. Ukigundua yametoka kwako, vaa kanzu yako utoke ukaseme, kabla jua halijazama, hata kama mwenye kosa ni mtu unayelala naye kitanda kimoja. Athman alinikasirikia kwa muda. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akiamka kwenda kukagua mabomba ya majirani bila kuombwa, mpaka magoti yalipomkataa.

Mimi nimechoka, mwanangu, sikufichi. Pengine hii ndiyo mara yangu ya mwisho kulisema jambo hili kwa urefu. Mungu akujaalie nyumba isiyokauka maji, na watoto watakaokunywa bila kuogopa. Akupe majirani watakaofurahi kuona taa yako inawaka, nawe uwe wa kheri kwao, walioko juu yako na walioko chini. Amin.